Mguu wa Kushukia Kaburini

Kabla mguu haujaanza kuuma, maisha yangu yalikuwa yamepangika hivi. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Masasi, na nilichobakiza ni madrasa iliyo ua mmoja na msikiti wa mtaani kwetu, ambamo nilisomesha sarufi ya Kiarabu na fiqhi. Imamu aliposafiri, mimi ndiye niliyeswalisha. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Watoto wetu walikwisha kuondoka nyumbani. Kila baada ya Ijumaa mbili nilipanda gari la Newala kwenda kumsalimu mama.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Myao wa Masasi. Mama alikuwa Mmakonde, na alipofiwa na mumewe alirudi kwao Newala, juu ya uwanda, katika nyumba ya ukoo wake, akaishi na dada yangu Somoe. Mtoto wa Somoe, Mfaume, mkulima wa korosho na baba wa familia, alikuwa na nyumba yake jirani. Macho ya mama yalikuwa yamefifia kiasi cha kutofautisha mlango na ukuta tu. Watu aliwatambua kwa mwendo. Hata sijamaliza kuvuka kizingiti husema, “Issa, umekonda,” na mimi humjibu, “Shikamoo mama, utaujuaje wembamba wangu na hunioni?” naye hujibu, “Marahaba baba. Sakafu inasema.”

Alikuwa na ombi moja, nalo alilirudia kila nilipomuaga. Baba alipofariki mimi nilikuwa masomoni mbali, na nilipofika alikuwa amekwisha kuzikwa. “Baba yako aliwekwa na watu,” mama alisema. “Mimi utaniweka wewe. Ushuke mwenyewe, unipokee, unilaze.” Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Katika maziko yetu, wanaume wa karibu na maiti hushuka kaburini, huupokea mwili kutoka kwa walio juu, huulaza ubavuni mwa kaburi katika nafasi iitwayo mwanandani, kisha hupanga mbao na kupanda juu kabla udongo haujarudishwa. Ni kazi ya muda mfupi, lakini huitaka miguu yote miwili. Nilimwahidi kwamba, Mungu akipenda, nitaifanya.

Naandika habari hizi sasa kwa sababu tangu nilipoanza kutembea na mkongojo, watu wengi wamenisimamisha njiani na kunionyesha vifundo vyao. Wengi wao ni wa umri wangu, na wengi wameambiwa kwamba ni uzee. Sina elimu ya tiba ya kuwapa. Ninachoweza kuwapa ni yale yaliyonipata, kwa mpangilio wake.

Maumivu yalianza wakati wa kipupwe, mbaazi zikiwa zimekauka mashambani. Yalikaa upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kushoto, nyuma kidogo ya mfupa uliotokeza, mahali ambapo kidole gumba cha mkono kinaingia kama kwenye mfereji. Asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani zilikuwa za mtu anayekanyaga kokoto; baadaye mguu ulilainika, nikausahau; jioni ulivimba. Mama Zuhura aliuchua kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akaufunga kwa kitambaa. Tabibu wa kwanza alidhani ni gauti, akanikataza mbaazi na nyama, na kwa majira yote ya baridi nilikula kama mtu aliyefungwa kwa kosa lisilo lake. Picha ya mifupa ilipigwa. Mifupa ilikuwa mizima.

Mabadiliko ya mwili niliyaona mwenyewe katika maji. Baada ya kutawadha, nilipokuwa nikitembea kwenye saruji ya ukumbi wa msikiti, niligeuka nikaziona alama za nyayo zangu zikikauka. Ya kulia ilikuwa na kiuno, kama ilivyo ya kila mtu. Ya kushoto haikuwa nacho. Ilikuwa bapa moja, kutoka kisigino mpaka vidole. Nilisimama nikaitazama mpaka ikapotea. Jioni ile nilimwomba Mama Zuhura asimame nyuma yangu aitazame miguu.

“Huu wa kulia uko sawa,” alisema. “Huu mwingine unachungulia nje. Kwa nyuma huku naona vidole vyake karibu vyote, Baba Zuhura. Unataka kwenda wapi bila wewe?”

Alicheka, nami nilicheka, kisha alikaa kitandani akanishika bega, na kulipokucha tulikwenda hospitali.

Hospitalini tulikofika safari ile kulikuwa na benchi refu nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, chini ya kipenu cha bati, na juu ya benchi hilo nimepitisha sehemu ya maisha yangu ambayo sikuipangia. Niliwazoea watu wake: mama aliyepooza mkono, dereva aliyevunjika paja, na mzee mmoja wa Kimakua kutoka Lukuledi mwenye goti bovu, aliyejua ukoo wangu kabla sijamwambia.

“Ninyi Wayao,” aliniambia siku ya kwanza, akiuangalia mguu wangu, “mlitembea mno na misafara ya biashara, mkitupitia sisi tukiwa tumekaa zetu. Sasa miguu imegoma.”

“Na goti lako, mzee? Wewe uliyekaa ulikwenda nalo wapi?”

“Hili lilichoka kuwasubiri mrudi.”

Yule mama aliyepooza mkono alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wake mzima. Ulikuwa utani wa kawaida kati ya watu wetu, lakini mgonjwa anapotaniwa anajua kwamba bado anahesabiwa miongoni mwa watu, na kwa miezi mingi benchi lile lilinifaa kuliko dawa za maumivu.

Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Neema, binti wa upande wa Chidya, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia niunyanyue mguu wa kulia na kujiinua kwa vidole vya mguu wa kushoto. Niliukaza mwili wote. Kisigino hakikuondoka sakafuni. Ni jambo la ajabu kuuamuru mguu wako ukakusikia na usitii. Alinieleza kwa maneno machache kwamba kuna kano inayopita nyuma ya kifundo na kuushikilia upinde wa unyayo kutoka chini. Kwamba yangu imechoka na kulegea. Kwamba haitapona kwa kuchuliwa, bali kwa mazoezi ya muda mrefu na kwa soli zitakazoufanyia unyayo kazi wakati kano inajijenga. Kisha aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

“Mwalimu, unautaka mguu huu kwa kazi gani?”

“Kushukia kaburini,” nilisema.

Aliiacha kalamu. “Mungu apishe mbali.”

“Si kaburi langu. La mama yangu. Nimemwahidi kumweka.”

“Anaumwa?”

“Haumwi. Ana umri.”

Alivuta stuli ya mbao iliyokuwa pembeni. “Basi tutafika mpaka hapa,” alisema. “Kushuka taratibu na kupanda bila kushika. Lakini si leo.”

Mazoezi yalikuwa madogo mno kiasi cha kuaibisha. Nilikaa kitini, mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli ukiwa umefungwa kwenye mguu wa meza, nikauvuta kwa unyayo kuelekea ndani, nikauachia polepole. Nilikusanya kitambaa sakafuni kwa vidole vya mguu. Nilisimama nikijishikiza ukutani, mpira mdogo ukiwa katikati ya visigino, nikajiinua kwa miguu yote miwili na kushuka kwa utulivu, kwa sababu, alisema Neema, kano hujifunza zaidi katika kushuka. Nilinyoosha shavu la mguu asubuhi na jioni. Mtu aliyezoea kufungua kitabu kigumu na kukimaliza atapata tabu hapa, maana mwili haufahamu kitu kwa kuelezwa. Unafahamu kwa kurudiwa, kama mtoto wa darasa la kwanza la madrasa.

Unyayo wangu ulichukuliwa umbo kwa plasta, umbo likapelekwa karakana ya mbali, na soli zikarudi mikorosho ikiwa imechanua. Zilikuwa ngumu chini, ngozi juu, zimeinuka upande wa ndani kama mgongo wa kijiko kikubwa. Siku za mwanzo nilihisi nimesimama juu ya yai la jiwe. Niliambiwa nizivae kutwa nzima, nami kwa dhamira njema kabisa nilizivaa kutwa nzima.

Mabibo yalianguka, korosho zikaokotwa, minada ikafunguliwa, na mguu haukubadilika. Nilifanya kila zoezi. Mama Zuhura, aliyekuwa akiniamsha kwa ajili ya mazoezi kabla ya yeye kwenda dukani, alianza kuwa na ukali usio wa kawaida yake, na siku moja alisema, huku akikunja majora ya vitenge, kwamba pengine sikuutaka uzima kwa moyo wote. Tulikaa na sentensi ile ndani ya nyumba muda mrefu.

Siku ya kliniki, Neema alizitoa soli viatuni, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Mwalimu, hizi unazivaa?”

“Tangu alfajiri mpaka usiku.”

“Mbona ngozi yake bado ina mng’ao wa karakana?”

“Mimi si mtu wa kuburuta miguu.”

“Hebu nisimulie siku yako. Usiruke kitu.”

Nikaanza kwa utaratibu. Natoka nyumbani alfajiri na viatu, nafika msikitini, navua. Natoka, navaa, narudi nyumbani, navua mlangoni. Nafanya mazoezi, nakunywa chai, nasoma. Navaa, naingia madrasa, navua. Adhuhuri msikitini, navua. Sikuifikisha siku yangu alasiri. Nilikwisha kuelewa.

“Kwa hiyo zinashinda mlangoni,” alisema.

“Zinashinda mlangoni.”

Alicheka kwanza, nami nikamfuata, mpaka mzee wa Lukuledi akachungulia kuuliza kuna harusi gani. Kisha Neema akaacha kucheka. “Na mimi sikukuuliza,” alisema. “Kwetu pia tunavua. Ningepaswa kujua.” Sisi wawili tulikuwa tumeishi maisha yetu yote tukiviacha viatu nje, kiasi kwamba maneno “kutwa nzima” hayakutupa shaka yoyote. Kiatu kwetu ni kitu cha njiani. Ikiwa umepewa soli, ndugu msomaji, usimwambie anayekutibu kwamba unazivaa. Mwambie unazivua wapi.

Fundi viatu wa sokoni alinitengenezea makubazi yenye mikanda mitatu, soli zikiwa zimeshonwa juu yake, ya kuvaliwa ndani tu, yasiyogusa udongo. Mama Zuhura aliyapokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, akayaweka kando ya kitanda, na kila nilipopita sebuleni nayo aliuliza, “Bwana afya, umekuja kukagua nyumba yetu leo?” Ile sentensi iliyokaa kati yetu iliondoka kimya kimya, bila yeyote kuifukuza.

Msikitini sikuyavaa. Kifiqhi, viatu visafi havibatilishi swala, nami nimeyasomesha hayo. Lakini sikutaka safu nzima iitazame miguu yangu badala ya kuswali. Niliomba kiti, nikaswali mwishoni mwa safu ya nyuma, na uimamu wa dharura nikamwachia mwingine. Mlango wa swala ya mgonjwa nilikuwa nimeusomesha miaka mingi kama mtu anayeeleza njia za mji asiowahi kuufikia. Sasa nilikaa ndani yake, na wanafunzi wangu waligeuka kunitazama, kisha wakafundishwa na wakubwa wao kutogeuka.

Lakini mguu ulianza kupona. Uvimbe wa jioni ulipungua. Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika juu ya milima ya Masasi, kisigino kiliinuka kidogo, kiasi cha kupitisha karatasi, na Neema alipiga magoti kuhakikisha. Stuli ikaletwa. Nilishuka nikapanda, nikashuka nikapanda, naye akisimama karibu na mikono wazi kama anayemfundisha mtoto kutembea. Nilipokwenda Newala nilimkuta Mfaume amechimba shimo la choo kando ya shamba lake, bado la kina cha kifua. Niliketi ukingoni, nikashuka na viatu vyangu vya nje.

“Mjomba,” alisema, ameegemea jembe lake, “umeangusha nini humo?”

“Napima.”

“Unapima nini?”

“Wewe usiseme. Nitazame tu nikipanda.”

“Ukikwama nitakumwagia mabibo, ujue.”

Nilikanyaga kingo, nikajiinua, nikatoka bila kushikwa. Mfaume, anayeujua wosia wa bibi yake kama sisi sote, aliacha mzaha. Alinipangusa udongo magotini kwa viganja vyake. Siku ile nilirudi kwa mama, nikavua viatu mlangoni, nikamsalimu. “Mguu?” aliuliza. Nikamwambia unaendelea vizuri. “Vizuri,” alisema. “Maana una kazi nao.”

Mvua zilipokolea mama aliteleza uani, akaanguka, na hakuweza tena kusimama. Hospitali ilimrudisha nyumbani, kwa kuwa mifupa ya umri ule haikuruhusu upasuaji. Somoe mgongo wake haukuwa wa kunyanyua mtu; Mfaume alikuwa na palizi. Nikafunga madrasa, nikahamia Newala.

Asubuhi ya kwanza niliingia chumbani kwake na makubazi. Yalikuwa safi, yalikuwa dawa, na sikufikiri. Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Ghafla aliinua mkono.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, mama. Issa.”

“Issa haji na viatu.” Pumzi zake zilianza kwenda mbio. “Somoe. Somoe, wamekuja.”

Somoe aliingia peku, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika kichwa. Baadaye, uani, aliniambia jambo ambalo sikulijua kwa sababu siku ile sikuwepo. Baba alipofariki, mama alikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, na wanaume walioingia kumtoa baba waliingia na viatu vyao, wakiharakisha kabla ya mvua. Hakuwaona. Alisikia viatu tu, kutoka mlangoni mpaka kitandani, na kutoka kitandani mpaka mlangoni. Tangu hapo, kiatu ndani ya nyumba kwake kilikuwa na maana moja.

“Vaa tu, kaka,” Somoe alisema. “Atazoea. Mguu wako tunauhitaji.”

“Umemwona alivyokuwa?”

“Nimemwona.”

“Unaweza kumfanyia hivyo kila siku?”

Nilijaribu kumweleza mama mwenyewe, kwa upole, kwamba makubazi ni dawa ya mguu. Alisikiliza, akakubali, akasema nivae. Kesho yake, nilipoingia, nilimwona akiuma shuka ili asilie. Niliyavua mbele ya kitanda chake, nikayatoa nje, na tangu siku ile sikuyaingiza tena.

Kwa hiyo mvua yote ile nilifanya kazi peku juu ya saruji. Nilimgeuza ili asipate vidonda. Nilimnyanyua kutoka kitandani kumweka kitini, naye alinishika shingo kwa mikono miepesi na kuniambia siku zote maneno yale yale, “Polepole, baba, usijiumize.” Nilibeba ndoo za maji kutoka kwenye tangi mpaka mlangoni mwake, ambapo Somoe alizipokea ili amwoshe. Mazoezi niliyafanya nilipoweza. Mama Zuhura alipiga simu kila jioni, na jioni moja nilimwambia kwamba uvimbe umerudi.

“Mguu ule tuliuhangaikia wote, Baba Zuhura,” alisema. “Si wako peke yako.”

“Najua.”

“Na ahadi yenyewe je? Utaitimiza kwa mguu upi?”

Nilimwambia kwamba mama yu hai leo, na leo anaogopa viatu. Alivuta pumzi. Kisha aliuliza kama nina mafuta ya nyonyo ya kutosha, na wiki ile alinitumia chupa kwa basi la Newala, imefungwa ndani ya kitenge kipya kwa ajili ya mama.

Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa Newala unaoingia mpaka ndani ya nyumba mvua zikiwa zinaaga, nilikuwa nikimnyanyua. Nilihisi kitu kikiachia ndani ya kifundo, bila sauti, kama kamba ya kitanda inavyoachia. Sikumwangusha. Nilimfikisha kitini, nikamfunika, nikatoka uani nikaketi juu ya kinu kilicholazwa. Upinde wa unyayo ulikuwa umelala wote. Hakukuwa na haja ya maji wala saruji kuutazama.

“Issa,” mama aliita kutoka ndani. “Mbona leo unakanyaga kama mtu mwingine?”

“Nimechoka kidogo, mama.”

“Mguu?”

“Unaendelea.”

“Vizuri,” alisema.

Tangu hapo Mfaume alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, akamnyanyua mama yeye mwenyewe, peku kama mimi, na mimi nilikaa kando ya kitanda nikimsomea na kumnywesha uji. Mama alikuwa akizungumza Chimakonde zaidi na zaidi, lugha ya utoto wake, ambayo mimi naielewa kwa nusu, na mara nyingine sikujua kama ananiambia mimi au anamwambia mtu wa zamani. Alifariki alasiri moja ya kipupwe, Somoe akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Alifariki bila kuogopa. Jambo hilo nalishika.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Wanaume walipoingia kuchukua jeneza, nilisimama mlangoni nikawaomba wavue viatu. Walivua wote, mpaka wageni waliotoka Tandahimba. Nilitembea nyuma ya jeneza na mkongojo, na kwa kuwa sikuweza kwenda na mwendo wa wabebaji, walipunguza mwendo wao bila kuambiwa.

Makaburini nilisogea mpaka ukingoni. Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri katika udongo mwekundu, kingo zake zimenyooka. Wanaume wawili wa ukoo walikwisha kushuka. Nafasi ya tatu, upande wa kichwa, ilikuwa imeachwa wazi, na watu wote waliozunguka walijua imeachwa kwa ajili ya nani. Niliuweka mguu wa kushoto mbele, nikauegemea kidogo. Ulizama kwa ndani, kifundo kikagusa udongo. Kama ningeshuka, mtu mwingine angelazimika kunipokea mimi badala ya mama.

Mfaume alikuwa ubavuni mwangu. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, lakini hakuwa amesogea hata hatua.

“Mjomba,” alisema kwa sauti ya chini. “Unasemaje?”

Jeneza lilikuwa limetuliwa. Watu walisubiri.

“Ingia,” nilisema.

Alishuka. Alimpokea bibi yake kwa mikono miwili, akamlaza kwa kichwa kwanza kama inavyotakiwa, akafungua mafundo ya sanda, akapanga mbao moja baada ya nyingine, na mimi nilishikilia ncha ya shuka lililotandazwa juu ya kaburi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayoweza kufanywa na mtu aliyesimama. Kisha wakampa mkono, akatoka.

Wanawake hawaji makaburini kwetu. Somoe alikuwa akinisubiri kwenye kona ya nyumba, amejifunga kaniki.

“Ulimweka?” aliuliza.

“Mfaume alimweka.”

Aliutazama mguu wangu, kisha akanishika mkono kuniongoza mpaka mkekani. Hakuuliza tena, wala hajauliza mpaka leo.

Nilirudi Masasi baada ya arobaini. Neema aliupima mguu, akaniambia kwamba kano haitashika tena kama zamani, na kwamba kazi iliyobaki ni kuuzuia mguu usiendelee kulala. Soli mpya zilitengenezwa, ndefu zaidi, zenye ukuta unaopanda mpaka kifundoni. Nazivaa ndani na nje, isipokuwa msikitini, ambako naswali kwenye kiti. Mazoezi nayafanya kila asubuhi. Madrasa imefunguliwa. Maumivu yamepungua sana. Kisigino cha mguu wa kushoto hakiinuki.